KIPIMO CHA MKATE NA MAFUTA: HISTORIA YA POSHO ZA WAZEE NA WALEMAVU



Sifa zote njema ni za Allah (S.W). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu wazazi na wanafunzi, katika darasa letu la tarekh hapa Muhuta kijana mmoja aliuliza hivi: "Ustadh, babu yangu anapokea pensheni ile ile kila mara, lakini bei ya ndagala na mawese haikai mahali pamoja. Je, hii si dhulma?" Darasa zima lilinyamaza. Nilimwambia kwamba jibu la swali lake linaanzia mbali, katika mji wa Madina.

Daftari la Sayyidna Umar (r.a)

Kwa kauli iliyo mashuhuri, katika mwaka wa 20 Hijria (641 Miladia) Khalifa Umar bin Khattab (r.a) alianzisha diwani, yaani daftari la serikali lenye majina ya watu na posho ya kila mmoja kutoka Baitul Mal. Wako wanahistoria wanaosema ilikuwa mwaka wa 15. Waliopigana Badr walipangiwa dirham 5,000 kwa mwaka, na wengine kwa daraja zao.

Je, alijuaje chakula kiasi gani kinamtosha mtu? Abu Ubayd na Baladhuri wamepokea kwamba aliamuru kipimo kimoja cha nafaka, kiitwacho jariib, kisagwe, kiokwe mkate, kisha uchanganywe na mafuta. Akawaita watu thelathini wakala mchana wakashiba. Jioni akafanya vile vile. Kwa hesabu hiyo akaona kwamba jariib mbili zinamtosha mtu mmoja kwa mwezi, akawapangia watu kiasi hicho, wanaume kwa wanawake.

Tuzingatie jambo hili. Hakuanza na idadi ya fedha. Alianza na tumbo la mtu, akalipima kwa mkate na mafuta.

Tena hakuona haya kubadilisha kanuni yake. Hapo mwanzo mtoto mchanga hakupewa posho mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja alipokuwa akilinda msafara uliofika Madina, alimsikia mtoto analia bila kunyamaza. Mama yake, asiyejua anazungumza na nani, akasema kwamba anamwachisha kabla ya wakati kwa sababu Umar hawapi posho wanaonyonya. Alfajiri ile aliswalisha huku akilia, kisha akatangaza kwamba kila mtoto ana haki yake tangu siku ya kuzaliwa.

Wazee na walemavu

Abu Yusuf, katika Kitabul Kharaj, anasimulia kwamba Umar (r.a) alimkuta mzee Myahudi, kipofu, akiomba mlangoni kwa watu. Alimchukua mpaka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie yeye na walio mfano wake, na akawaondolea jizya. Aliona si uadilifu kula nguvu za mtu katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake.

Baadaye, mjini Damascus, Khalifa al-Walid bin Abdul Malik (aliyetawala 86 hadi 96 Hijria, yaani 705 hadi 715 Miladia) aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe. Kila kiwete akampa mtumishi, na kila kipofu akampa mtu wa kumwongoza.

Kwetu Burundi

Pensheni za wafanyakazi zilifika kwetu wakati wa Wabelgiji, kwa dekreti ya mwaka 1956 iliyohusu Kongo na Ruanda-Urundi. Tulipopata uhuru mwaka 1962 ikaundwa INSS. Sheria ya tarehe 29 Novemba 2002 ikapanga upya pensheni na ajali za kazini, na mwaka 2010 ikaundwa ONPR kwa watumishi wa serikali. Tarehe 12 Mei 2020 ikatoka sheria mpya ya ulinzi wa jamii.

Tuone hesabu ya sheria ya 2002. Mfanyakazi alikatwa 4% ya mshahara kwa ajili ya pensheni, mwajiri akaongeza 6%. Aliyefikisha miaka 15 ya michango alipata 30% ya wastani wa mshahara wake, na 2% kwa kila mwaka uliozidi. Kwa mfano, mwenye wastani wa faranga 100,000 na michango ya miaka 20 anapata 40%, yaani faranga 40,000 kwa mwezi. Ajali za kazini zina mfuko wa peke yake, na mchango wake hulipwa na mwajiri.

Angalia vizuri. Hesabu hiyo inafungwa siku unapostaafu, kwa mshahara wa jana. Sokoni unakwenda na bei ya leo. Mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini ulipita 20%. Na nyongeza haiji yenyewe kila Januari, inangoja uamuzi wa wakubwa. Uamuzi unaweza kuchelewa sana. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1988 kuwa faranga 160 kwa siku mjini na 105 vijijini, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikuguswa, wakati faranga 160 zilikwishakuwa si kitu.

Wengine wanafanyaje?

Ndugu zetu waliohamia Marekani hutuambia kwamba kila mwaka wazee na walemavu hupata barua ya kiwango kipya. Huko sheria ya 1972 iliamuru pensheni ifuate bei yenyewe, na nyongeza ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa 8% mwaka 1975. Kwa mwaka 2023 ilikuwa 8.7%, na kwa 2025 ikawa 2.5%. Bei zisipopanda, kama ilivyokuwa kwa 2016, hakuna nyongeza.

Jirani zetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Baadaye serikali ikapandisha hadi 50,000.

Mafunzo tunayoyapata

1. Haki ya mzee ni chakula chake, si idadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Idadi ikibaki na mkate ukapungua, haki imepungua. Kwa hiyo kijana wetu aliuliza swali la haki, na wenye mamlaka wanapaswa kulitazama kila mwaka.

2. Kubadilisha kanuni si aibu kwa kiongozi. Umar (r.a) aliibadilisha kwa kilio cha mtoto mmoja.

3. Wewe uliyeajiriwa, hakikisha mwajiri amekuandikisha, na utunze karatasi za mishahara. Mwaka usioandikwa hauhesabiwi.

4. Wavuvi na wakulima wa michikichi wa mwambao wetu wengi hawana mwajiri wa kuwachangia. Daftari lao ni sisi, yaani watoto wao, zaka zetu na majirani. Usingoje mzazi aombe. Bei ikipanda, ongeza unachompa.

Allah (S.W) atujaalie tuwe wenye kuwahurumia wazee wetu na kuwatendea uadilifu wanyonge wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.