Kichwa cha Mtoto, Sehemu ya 3: Kikombe cha Hewa na Tabaka la Nne

Juzi mama mmoja kaniandikia: mwanawe alivutwa na vakyumu, akatoka na nundu kichwani, na mama mkwe anasema manesi wameharibu kichwa cha mtoto. Nilimjibu palepale, ila jibu lina historia ndefu, basi leo naiweka hapa.

Kwanza weka vidole juu ya kichwa chako, usukume ngozi mbele na nyuma. Inatembea, si ndiyo? Chini ya ngozi kuna tishu unganishi nzito, iliyojaa mishipa ya damu (ndiyo maana mtoto akijigonga kidogo tu damu inachuruzika mpaka unachanganyikiwa). Chini yake kuna utando mgumu uitwao galea, yaani kofia ya chuma kwa Kilatini. Hayo matatu yameshikana, yanatembea pamoja. Tabaka la nne ni tishu laini, legelege, na humo ndimo mateleziko yanatokea. La tano ni utando uliong'ang'ania mfupa.

Sasa, wazee wetu walijua kuumika: pembe inabandikwa, hewa inafyonzwa, ngozi inapanda. Ulaya nao walikuwa na vikombe vyao, na mwanzoni mwa miaka ya 1700 daktari wa Plymouth, Uingereza, James Yonge, alijaribu kumvuta mtoto kwa kikombe cha namna hiyo. Hakufanikiwa. Mwaka 1849 James Young Simpson wa Edinburgh, yuleyule aliyeanza kuwapa wazazi klorofomu ya kupunguza uchungu, akatengeneza kifaa chake cha kuvuta kwa hewa. Nacho hakikudumu. Koleo lake ndilo lililobaki, na mpaka leo lina jina lake.

Kilichofanikiwa kilitoka Uswidi miaka ya 1950. Tage Malmström alibuni kikombe cha chuma ambacho ukingo wake umejikunja kwa ndani. Ngozi ya kichwa ikifyonzwa inajaa humo na kushikwa vizuri. Ukitoa kikombe, nundu inabaki. Wakaiita shinyoni, jina la Kifaransa la fundo la nywele kisogoni. Nundu hiyo ni majimaji tu, inapungua saa chache baadaye. Kwa hiyo mama mkwe, samahani, hapo hakuna kilichoharibika.

Ila kikombe kinashika matabaka yale matatu ya juu. Mfupa hakiushiki. Ukivuta mno, au kikombe kikichomoka na kubandikwa tena na tena, matabaka ya juu yanavutwa mbali na fuvu, na vijishipa vinavyopita katika tabaka la nne vinachanika. Na lile tabaka halina ukuta wa kuzuia damu: limeanzia kwenye nyusi likafika kisogoni, na pembeni linashuka kuelekea masikio. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 240, haijazi hata chupa ya soda. Inaweza kumwishia humohumo na nje usione hata tone. Mwaka 1998 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa hospitali kuhusu jambo hili hili. Ni nadra, na vakyumu imeokoa watoto wengi na kuwaepusha mama wengi na kisu. Mimi mwenyewe siiogopi. Ninachoogopa ni mtoto aliyevutwa halafu akaachwa bila kuangaliwa.

Kuna uvimbe mwingine, wa damu chini ya lile tabaka la tano. Huo unakaa juu ya mfupa mmoja, hauvuki maungio, na unaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha. Usiukande, usiuchue kwa maji ya moto, na usimruhusu mtu autoboe.

Wa hatari unatambaa. Ukiushika unacheza kama mfuko wa maji, unahama mtoto akigeuzwa, masikio yanaweza kusukumwa nje. Mtoto anapauka, analegea, hataki titi, anapumua haraka. Unaweza kuanza taratibu saa kadhaa baada ya kuzaliwa, hata siku ya pili mkiwa mmesharudi nyumbani. Ukiona hivyo usisubiri asubuhi. Mbebe, nenda hospitali usiku huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Mtoto wangu alivutwa na vakyumu."

Sehemu ya 4 ni utosi. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.