Vumbi la sukari lilivyolipua kiwanda na kuua 14

WAFANYAKAZI 14 walipoteza maisha na wengine 36 kujeruhiwa, wengi wao kwa kuungua vibaya, baada ya kiwanda cha Imperial Sugar kulipuka mjini Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, Februari 7, 2008, majira ya saa 1:15 usiku. Hapakuwa na bomu wala mtungi wa gesi uliopasuka. Kilicholipuka ni vumbi la sukari.

Msomaji anaweza kushangaa, kwani sukari ya jikoni hata kuiwasha kwa kiberiti ni kazi. Lakini kitu kinachoungua kikisagwa kikawa laini na kutawanyika hewani, kila chembe huzungukwa na oksijeni, na zote huwaka karibu kwa pamoja. Hali hiyo ikitokea mahali palipofungwa, mgandamizo hupanda ghafla na kuta hupasuka. Ndivyo ulivyo pia unga wa ngano, vumbi la mbao, la makaa ya mawe, na hata la alumini.

Kwa mujibu wa ripoti ya Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani (CSB) ya Septemba 2009, mlipuko ulianzia chini ya maghala marefu ya kuhifadhia sukari. Mwaka 2007, mkanda wa kusafirishia sukari ulikuwa umefunikwa kwa mabamba ya chuma ili uchafu usiingie. Nia ilikuwa njema, ila vumbi likakosa pa kutokea. Wachunguzi wanaamini liliwashwa na beringi iliyopata moto kupita kiasi.

Maangamizi makubwa yalifuata baadaye. Wimbi la mlipuko wa kwanza lilipeperusha sukari iliyokuwa imetuama sakafuni na juu ya mitambo, nayo ikalipuka kutoka chumba hadi chumba katika majengo ya kufungashia. CSB ilieleza kuwa milipuko hiyo ya pili isingekuwa rahisi kutokea iwapo usafi ungezingatiwa. Kinachosikitisha, sekta ya sukari iliijua hatari hiyo tangu 1925.

Usafi wenyewe una namna yake. Kupuliza vumbi kwa hewa ya kompresa hulirudisha hewani. Linalotakiwa ni kulifyonza kwa mashine isiyotoa cheche. Tabaka lisilofika unene wa milimita moja, likitanda eneo kubwa, latosha kuleta maafa. Na kwa kuwa vumbi laini hutua pia juu ya boriti, mabomba na taa, mkaguzi anayetazama sakafu pekee huenda asilione.