Sekunde Kumi Zilizogombewa Mwaka 1983

Tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta kuukuu, kuanzia Area 23 jijini Lilongwe hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa nchini Malawi, wana la kujiuliza: je, mashine itaubeba mfumo mpya, na itachukua muda gani kuwaka?

Swali hili si geni. ZX Spectrum ya mwaka 1982 iliwaka papo hapo, kwa kuwa programu yake ya msingi ilikaa ndani ya chipu. Mashine zilizotegemea diski zililazimika kwanza kukagua kumbukumbu, kisha kusoma mfumo endeshi, ndipo zimpokee mtumiaji.

Andy Hertzfeld, mmoja wa waliounda kompyuta ya Macintosh ya Apple, anasimulia kwamba mwaka 1983 Steve Jobs alimwendea mhandisi Larry Kenyon akilalamika kuwa kompyuta inachelewa kuwaka. Kenyon akaanza kueleza mahali alipodhani panaweza kuboreshwa. Jobs hakutaka kusikiliza. Alimtaka apunguze sekunde kumi, akimpigia hesabu: watumiaji milioni tano, kila mmoja akiokoa sekunde kumi, ni sekunde milioni 50 kwa siku. Kwa Jobs, huko kulikuwa kuokoa maisha ya watu. Hesabu hiyo kwa mwaka inafika takriban miaka 580, sawa na umri wa watu wanane waliofikisha miaka 70. Kwa maelezo ya Hertzfeld, miezi michache baadaye zaidi ya sekunde kumi zilikuwa zimepunguzwa.

Baadaye zikaja Windows XP na diski za SSD, na kompyuta zikawaka upesi zaidi, lakini suala halikuisha. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kuwa kwa wahudumu wa simu wa Las Vegas, kuwasha kompyuta ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kwetu Malawi jambo hili lina uzito zaidi. Januari 2022 dhoruba ya kitropiki Ana iliharibu mtambo wa kuzalisha umeme wa Kapichira, na mgawo wa umeme ukazidi nchini. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mashine isiyo na betri huwashwa upya mara tatu, huku mteja akisubiri karatasi yake ichapishwe.

Dzaleka ina vijana waliojifunza kuandika programu katika kituo cha TakenoLAB. Wanastahili vifaa vinavyoheshimu muda wao. Anayetoa msaada wa kompyuta aiwashe kwanza mwenyewe, saa mkononi; na anayeunda programu aijaribu kwenye mashine kuukuu kabla ya kuiuza.