Unaanza kujijengea jina? Weka malengo ya siku 90 kwanza

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mpishi wa keki, fundi wa samani, mwalimu wa masomo ya ziada au mpiga picha anayeanza kazi leo katika jiji kama Dar es Salaam, methali hiyo ina ukweli wa nusu. Chema hujiuza kwa aliyekwisha kukiona. Ambaye hajakiona hana habari nacho.

Ndiyo maana watu wengi huamua kujitangaza kwa majina yao. Kwa bahati mbaya, wengi huanzia mwishoni. Hutumia akiba yao kwa nembo, kadi, fulana na picha za studio, kisha husubiri simu ilie. Mwezi wa tatu unapofika bila mteja, fedha zimekwisha na ari imekufa. Mara nyingi kilichokosekana si kipaji, bali ni malengo ya muda mfupi.

Jina binafsi ni nini?

Jina binafsi, ambalo wengine huliita chapa binafsi, ni taswira inayomjia mtu akilini anapotajiwa jina lako: unafanya kazi gani, unaifanya kwa ubora gani na unaaminika kiasi gani. Wazo la mtu mmoja kulitunza jina lake kama kampuni inavyotunza alama ya bidhaa lilipata umaarufu Agosti 1997, pale Mmarekani Tom Peters, mwandishi wa vitabu vya uongozi wa biashara, alipolieleza katika jarida la Fast Company.

Hata hivyo, jambo lenyewe si geni kwetu. Kabla ya intaneti, mitaa ilikuwa na fundi cherehani aliyesifika kwa kumaliza nguo kabla ya Idi, na mwingine aliyejulikana kwa "njoo kesho". Wote wawili walikuwa na jina. Tofauti ni kwamba mmoja alilijenga, na la mwingine lilijijenga lenyewe.

Kwa nini muda mfupi?

Lengo la muda mfupi ni lile linaloweza kukamilishwa kati ya wiki moja na miezi mitatu. Faida yake ilionekana wazi katika utafiti wa wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk, uliochapishwa mwaka 1981. Watafiti hao walifanya kazi na watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Kundi moja lilielekezwa kulenga kurasa 6 katika kila kipindi, na jingine kulenga kurasa zote 42 ifikapo mwisho wa kipindi cha saba.

Kazi ilikuwa ileile. Lakini watoto waliopewa lengo la karibu walifanya vizuri zaidi, walijiamini zaidi na wakazipenda hesabu zaidi. Lengo la mbali peke yake halikuonyesha manufaa ya maana. Anayeanza kujijengea jina yu katika hali kama ya watoto hao: bado hajiamini, na anahitaji ushahidi wa mapema kwamba anasonga mbele.

Sifa za lengo zuri

Mwaka huohuo wa 1981, George Doran alipendekeza katika jarida la Management Review kwamba lengo zuri liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kuliwajibikia, liwezekane na liwe na muda maalumu. "Nataka nijulikane" haina hata sifa moja kati ya hizo. "Ifikapo tarehe 30 nitakuwa nimechagua picha 12 bora na kuzionyesha kwa watu 10 wanaopanga harusi" inazo zote.

Kwa anayejenga jina, ipo sifa nyingine ya kuongeza: lengo liwe mikononi mwako. Kupata wafuasi 5,000 katika mtandao wa jamii kunategemea uamuzi wa watu wengine. Kuonyesha kazi moja nzuri kila wiki, au kukabidhi kila kazi siku uliyoahidi, kunakutegemea wewe. Idadi ya wafuasi iangaliwe kama matokeo, isifanywe lengo.

Mfano wa mpiga picha

Tuchukue mfano wa mpiga picha za harusi. Mwezi wa kwanza lengo lake ni kueleweka. Anachagua aina moja ya kazi, anaandika sentensi moja inayoieleza na kukusanya picha 12 zilizo bora, kwa idhini ya waliopigwa.

Mwezi wa pili lengo ni kuaminika. Anakubali kazi tatu tu, na kila mteja anamwahidi kumpa picha ndani ya siku 14. Ikiwa anajua kazi humchukua siku 10, ahadi hiyo inampa nafasi ya kukatika kwa umeme au kuharibika kwa kompyuta. Akiahidi siku saba na kuchukua wiki tatu, habari hiyo itafika kwenye kamati ya harusi inayofuata kabla yake.

Mwezi wa tatu lengo ni kutajwa. Anawaomba wateja hao watatu maoni ya maandishi, anaomba kila mmoja amtambulishe kwa mtu mmoja mwenye sherehe inayokuja, na kila anayempigia simu anamuuliza alimjuaje. Majibu huyaandika katika daftari.

Usisahau jina lenyewe

Lengo moja lisilopaswa kuahirishwa ni kuhakikisha kwamba jina unalotaka kulitumia halijachukuliwa na mwingine. Lifanyike katika wiki ya kwanza, kabla ya kuchapisha kadi. Tanzania Bara, majina ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na maombi hufanywa kwa njia ya mtandao. Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo.

Aidha, ifahamike kuwa kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Alama husajiliwa peke yake, na kwa Tanzania Bara hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni wingi wa malengo. Mtu mmoja anayefanya kazi zote peke yake atoshewe na lengo moja kuu kwa mwezi. La pili ni kuazima malengo ya mtu aliyeanza miaka kumi iliyopita. La tatu ni kubadili mwelekeo kila wiki, leo keki, kesho mapambo, keshokutwa ushauri wa ndoa, kiasi kwamba hata rafiki hajui akutaje kwa lipi.

Siku ya 90, kaa na daftari lako ujiulize maswali matatu: ni ahadi ngapi nilizitoa na ngapi nilizitimiza? Waliokuja walinijulia wapi? Wananieleza kwa maneno niliyoyakusudia? Majibu hayo ndiyo yatakayoweka malengo ya siku 90 zinazofuata. Wakati huo ndipo inapofaa kufikiria nembo na fulana, kwa kuwa utakuwa unajua zinatangaza kitu gani.