Kutoka Mumias Hadi Tororo: Nani Amewafundisha Vijana wa Mpakani?

Katika miaka ya 1890, Kapteni Bertram Sclater alisimamia ujenzi wa barabara ya magari ya ng'ombe iliyokatiza nyika na milima hadi Busia. Njia yenyewe haikuwa ngeni. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuizoea, ikipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, kabla ya kuelekea Busoga na Buganda. Leo malori ya makontena yanapita upande huohuo, yakipanga foleni Busia na Malaba. Nimeifuata njia hiyo kutoka Mumias hadi Tororo nikiwa na swali moja: katika miaka yote hiyo, nani amewafundisha vijana wa hapa habari za miili yao?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: bibi. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana walilala na kufundwa. Majirani zao nao walikuwa na malezi ya namna hiyo. Mafunzo hayo tusiyapambe. Yalimwandaa msichana aolewe mapema, na aibu yote ya kukosea ilimwangukia yeye. Lakini jambo moja yalilitimiza: msichana hakuvunja ungo akidhani anakufa, na alijua mimba inaingiaje.

Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka mpya ukawagawa Wasamia na Wateso, na ndugu wa damu wakajikuta chini ya serikali mbili. Misheni nazo zikaja na shule. Butere, karibu na Mumias, Waanglikana walifika mwaka 1912, na miaka michache baadaye wakafungua shule ya wasichana. Shule hizo zilileta mema mengi, wala hakuna wa kuyakana. Lakini mtoto aliyepelekwa bweni aliondolewa katika nyumba ya bibi, na mwalimu hakuichukua kazi ile ya bibi. Habari za mwili zikageuka habari za dhambi, na dhambi haikuwa na kitabu cha kiada.

Uzazi wa mpango ulipoingia, nao haukumlenga kijana. Chama cha uzazi wa mpango cha Uganda kilianzishwa mwaka 1957, cha Kenya mwaka 1962, na mwaka 1967 Kenya ikawa na mpango wa kitaifa, wa kwanza kusini mwa Sahara. Aliyekusudiwa alikuwa mama mwenye ndoa na watoto wengi. Msichana wa darasa la saba hakuwamo katika hesabu, ingawa yeye pia alibeba mimba, na alipobeba alifukuzwa shule. Ni mwaka 1994 tu ndipo Kenya ilipomruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua.

Kisha ukaja Ukimwi, ukasafiri kwa barabara hiihii. Malori yalilala Malaba na Busia, fedha zikabadilishwa usiku kucha, na wasichana maskini wakawa sehemu ya biashara. Uganda ilisema waziwazi mapema. TASO, shirika la kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987 lilifika hadi Tororo, na mwaka 1993 gazeti la Straight Talk likaanza kujibu maswali ya vijana bila kuwatukana. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mambo yalikuwa magumu zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 Kardinali Maurice Otunga, mzaliwa wa Bungoma, aliongoza maombi jijini Nairobi ambako kondomu na vijitabu vya elimu ya ngono vilichomwa moto hadharani. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, wakati maelfu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Somo la Ukimwi lilipoingia shuleni lilikazia neno moja: subiri hadi ndoa.

Je, neno hilo lilitosha? Jibu liko hapahapa njiani. Kuanzia mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328 katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias. Katika baadhi ya shule, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa serikali wa Ukimwi. Katika nyingine, wanafunzi walipewa sare za bure. Baada ya miaka saba ya ufuatiliaji, mtaala wa kuhimiza kusubiri peke yake ulionekana haukupunguza mimba wala maambukizi ya zinaa. Sare za bure ziliwabakiza wasichana shuleni, na mimba zikapungua.

Jaribio jingine ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 2004, katika shule 71 kati ya hizo, wanafunzi walioneshwa filamu fupi, kisha wakaelezwa ukweli ambao mtaala uliuruka: kwamba wanaume watu wazima wana maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika lao. Somo zima lilichukua dakika 40. Mwaka uliofuata, uzazi miongoni mwa wasichana hao ulikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko katika shule ambazo hazikupata somo. Hofu ya wazazi ni kwamba kumwambia mtoto ukweli ni kumfungulia mlango. Shule za Mumias na Bungoma zilionesha kinyume.

Ushahidi huo umevuka mpaka kwa shida. Oktoba 2016 serikali ya Uganda ilipiga marufuku elimu pana ya jinsia kwa vijana. Mwongozo wa taifa wa elimu hiyo uliozinduliwa mwaka 2018, licha ya kukazia maadili na kujizuia, ulipingwa na viongozi wa dini ukabaki kwenye makabati. Novemba 2021 Mahakama Kuu mjini Kampala iliamua kwamba kukosa sera ya elimu hiyo ni kuvunja haki za vijana, ikaamuru sera itungwe. Uamuzi huo ulitoka shule zikiwa bado zimefungwa kwa ajili ya Korona. Zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Katika muda huo hapakuwa na mwalimu, wala bibi. Palikuwa na senta za biashara, boda boda na njaa.

Takwimu za mwaka 2022 zinasema hivi: Uganda, wasichana 24 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba, Kenya ni 15. Pande zote mbili sheria inamwita mtoto mtu aliye chini ya miaka 18, na ni haki. Lakini sheria hiyohiyo, ikisomwa vibaya, humfanya muuguzi ahofie kumhudumia msichana aliyekuja kuomba ushauri au sindano ya kupanga uzazi, huku mwanamume aliyemharibu akimalizana na wazee kwa mbuzi.

Historia ya njia hii inanifikisha kwenye neno moja: ukimya haujawahi kumlinda mtoto wa mpakani. Kila mtu mzima aliponyamaza, barabara ilifundisha badala yake. Kwa hiyo wizara za Nairobi na Kampala zitoe somo la kweli linalolingana na umri, linaloanza kabla ya darasa la saba, lenye kueleza hedhi, mimba, kinga na namna ya kumkataa mtu mzima anayekuja na zawadi. Zahanati zimpokee kijana bila kumfokea. Viongozi wa dini wafundishe maadili yao bila kuzuia maarifa. Nawe mzazi wa Busia, wa Malaba, wa Tororo, zungumza na mwanao, wa kike na wa kiume, mwaka huu, kabla dereva au mwenye pikipiki hajamtangulia.