Saa Kesha, Si "Saa ya Wakati Halisi"

Saa kesha ni kisaa kilicho kwenye ubao mama wa kompyuta, kinachoendelea kuhesabu hata mashine ikizimwa na waya kuchomolewa. Hulishwa na betri ya volti 3 mfano wa sarafu, na mapigo yake hutoka kwenye kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kompyuta za IBM ziliipata ndani ya ubao na modeli ya AT, mwaka 1984. Kabla ya hapo mashine ilimuuliza mtumiaji tarehe kila alipoiwasha.

Zipo orodha za istilahi zinazoiita "saa ya wakati halisi". Jina hilo limefuata maneno ya Kiingereza, maana likaiacha njiani. "Wakati halisi" tayari lina kazi nyingine: hutajwa kwa mifumo inayopaswa kujibu papo hapo, kama ile inayoongoza breki za gari. Isitoshe, saa hii ndiyo ya kwanza kusema uongo betri inapochoka. Kompyuta huwashwa asubuhi ikang'ang'ania kuwa ni 1 Januari ya mwaka ambao mwenyewe alikuwa hajainunua. Uhalisi uko wapi? Waliolipitisha jina hilo kikaoni yaelekea hawakuwahi kushika bisibisi.

Saa, wakati na halisi yote yametoka Kiarabu, na hilo si dosari. Ila kesha ni la Kibantu, la ukoo mmoja na kucha na kesho: anayekesha hukaa macho mpaka kuche. Ndivyo ifanyavyo saa hii, kompyuta yote ikiwa imelala. Muundo wa jina hili nao si mgeni. Askari kanzu limezoeleka, wala hakuna aliyelidai "wa". Wanaotetea "saa ya betri" wasisahau basi kwamba hata ya ukutani ina betri.

Kuhusu matumizi: saa kesha inayorudi nyuma kila mashine ikizimwa yataka betri mpya, kwa kawaida CR2032. Ikipotoka kwa saa 3 kamili katika Afrika Mashariki, betri haina hatia: Windows huisoma kama saa ya mahali, Linux kama UTC, na mifumo hiyo ikikaa kwenye mashine moja kila mmoja huvuruga hesabu ya mwenzake. Linux huamriwa kutumia saa ya mahali, ugomvi ukaisha. Tofauti ya saa 6 si hitilafu. Skrini ikiandika 7:00, kwa hesabu ya Kiswahili ni saa 1 asubuhi.