Bunkeya: ufalme kijana na vita yake na Wasanga

Kila mwaka tarehe 20 Desemba, Wayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri. Wanamkumbuka kama mfalme aliyekataa bendera ya Bula Matari akalipa kwa damu yake, na ni kweli. Lakini ukiketi kwa wazee wa Kisanga, hesabu ya ile siku inaanza mbele zaidi, tena inaanza na mambo ingine. Sisi watoto wa Katanga tunahitaji kusikia pande zote mbili.

Msiri, jina lake la utoto Ngelengwa, hakuwa mtu wa huku. Alitoka Usumbwa, upande wa Tabora. Kalasa baba yake alikuwa anakuja Katanga kununua shaba. Katikati ya karne ya 19 mtoto akafuata njia ya baba, akabaki. Wazee wanasimulia kwamba Waluba waliposhambulia Wasanga wa chifu Mpande, mgeni huyu alitoa bunduki zake chache, Waluba wakakimbia juu ya kelele na moshi. Ndiyo mwanzo: mgeni alipewa nafasi juu ya msaada wake. Kisha nafasi ikawa nchi, na nchi ikawa ufalme wa Garenganze.

Ufalme ule ulikua mbio sana. Machifu wa magharibi ya Luapula, waliozoea kupeleka kodi kwa Kazembe, wakaanza kuipeleka kwa Msiri. Upande wa Lualaba vilevile. Kodi ilikuwa pembe za ndovu, shaba, chumvi, na watu. Hapo tusifiche kitu: misafara ya Benguela na ya pwani ya mashariki ilileta baruti na vitambaa, ikarudi na watumwa. Baruti ilileta kodi, kodi ikaleta baruti ingine. Ufalme wa namna hiyo hauwezi kusimama ukapumzika. Siku usipoteka, hauna cha kununulia risasi.

Wayeke walileta mema pia. Walikuja na ufundi wa kuvuta waya wa shaba, na inasemwa walifundisha watu kuchanja ndui mbele ya mzungu yeyote kufika. Lakini wenye kuyeyusha shaba, wale walioitwa walaji wa shaba, walikuwa Wasanga. Misalaba ya shaba ilitoka mikononi mwao, utajiri ukaenda Bunkeya. Mwenye nyumba amekuwa mpangaji, nani atafurahi?

Mwaka 1891 Wasanga wakaasi. Wanasema moto uliwashwa na mwanamke wa kwao aliyeuawa na jamaa wa Msiri, lakini kuni zilikuwa zimekauka toka zamani. Njia zikakatwa, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia Bunkeya, watu wakaanza kuhama. Na ndiyo mwaka ule ule wazungu walikuja moja kwa moja. Sharpe wa Waingereza alishapita mwaka 1890 akarudi mikono mitupu. Sasa wakaja watu wa Léopold: Le Marinel mwezi wa nne, Delcommune mwezi wa kumi, halafu Stairs, aliyefika tarehe 14 Desemba.

Vitabu vya shule vilituambia risasi ya kapiteni Bodson ndiyo iliangusha Garenganze. Mimi naona hapana. Siku ile ya tarehe 20, Bodson alimpiga Msiri, naye Bodson akapigwa akafa, kichwa cha mfalme kikakatwa. Lakini majirani walikuwa wapi? Kumbe machifu aliowatawala kwa bunduki miaka mingi hawakutuma hata mtu mmoja. Baadhi waliona mkombozi.

Walikosea. Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, alikubali bendera, na askari wake wa Kiyeke wakatembea pamoja na Bula Matari kupiga Wasanga. Vita ya majirani ikaendelea miaka karibu yote iliyobaki ya karne ile, safari hii chini ya amri ya mwingine. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa. Walaji wa shaba wakazima tanuru zao, na watoto wa Wasanga na wa Wayeke wakakutana tena machimboni, sasa wote ni wafanyakazi.